Wakili wa Mkoani Tumpime kwa Lipi?



Ikifika Desemba, kuta za maduka na ofisi katika miji yetu ya Kanda ya Ziwa hubadilika sura. Kalenda mpya zinatundikwa. Ipo ya benki, ipo ya duka la pembejeo, ipo ya hospitali ya misheni, na siku hizi ipo pia ya ofisi ya mawakili. Wenyewe wamesimama mstari mmoja, majoho meusi, vitambaa vyeupe shingoni, wala hakuna anayecheka. Chini yao umeandikwa mwaka ambao ofisi ilianzishwa, matawi yake, na aina ya mashauri inayoyashughulikia. Pembeni, mara nyingi, ipo picha ndogo ya siku walipokabidhi mashuka hospitali ya wilaya.

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya kalenda hizo. Ofisi ya mawakili iliyoko Musoma, Bukoba, Geita au Bariadi, mbali na Dodoma na Dar es Salaam, tuipime kwa lipi? Ikituambia imefanikiwa, imefanikiwa nini? Ikituambia inaijali jamii, tuitazame wapi?

Nianze na mashuka. Maadili ya uwakili nchini mwetu yanabana sana kujinadi. Wakili hawezi kupita sokoni na kipaza sauti juu ya gari akitangaza bei ya talaka. Muuza mchele anaweza, wakili hawezi. Kwa hiyo mashuka, madawati na jezi za timu ya kata vimekuwa njia halali ya jina la ofisi kutajwa mbele ya watu. Sina ugomvi na hilo. Mtoto aliyekuwa akikaa sakafuni hataki kujua dawati limeletwa kwa nia gani. Lakini dawati anaweza kulitoa muuza saruji. Anaweza kulitoa mbunge, tena akapigiwa na ngoma. Kitu ambacho muuza saruji hana ni sheria. Anayo wakili, na hapo ndipo ninapotaka tumpime.

Nitakupa kisa cha huku huku kwetu. Mwaka 1988, wilayani Muleba, mkoani Kagera, mama mzee aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba. Shamba hilo alirithishwa na baba yake kwa wosia. Uzee ulikuwa umemwelemea na hakuwa na mtu wa kumtunza, akaona auze ili aishi. Alipata shilingi 300,000. Shida ni kwamba aliyenunua hakuwa mtu wa ukoo, na ardhi ilikuwa ya ukoo. Mwanaukoo mmoja, Bernardo Ephrahim, ambaye Holaria ni shangazi yake, alikwenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha kutaka mauzo yafutwe. Mila ya Kihaya, ambayo serikali ilikuwa imeiweka katika maandishi mwaka 1963 pamoja na mila nyingine, ilisema mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini hana ruhusa ya kuiuza. Mwanamume akiuza, ilikuwa habari nyingine.

Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia mpwa. Kumbuka kwamba wakati huo wakili hakuruhusiwa kabisa kumsimamia mtu katika Mahakama ya Mwanzo. Siku hizi mlango huo umefunguliwa kiasi, pale anapoketi hakimu mkazi. Mahakama ya Wilaya ikaigeuza hukumu hiyo. Mpwa hakukubali, akapanda Mahakama Kuu, Mwanza. Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akatoa uamuzi. Alisema Katiba yetu, tangu ilipoingiziwa sura ya haki za binadamu mwaka 1984, inakataza kumbagua mtu kwa jinsi yake, na mila inayogongana na Katiba haiwezi kusimama. Mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale anayowekewa mwanamume. Mauzo yakabaki halali.

Hukumu hiyo inafundishwa katika vyuo vya sheria hapa nchini na nje. Miaka tisa baadaye Bunge lilitunga Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, na zote mbili zinasema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume. Kwa hiyo suala hili lilikwisha, si kwa hukumu tu bali na kwa sheria ya nchi.

Sasa nenda kijiji chochote cha Muleba au Karagwe, au vuka uende Ukerewe, ukakae kwenye kikao cha ukoo siku ya arobaini ya marehemu. Utasikia mzee mmoja anasema, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, kwamba binti haruhusiwi kuuza shamba aliloachiwa na baba. Na binti yupo, amekaa chini kwenye mkeka, ananyamaza. Hana wa kumwambia kwamba mwanamke wa Muleba alikwishamaliza ugomvi huo mahakamani kabla yeye hajazaliwa. Ofisi ya mawakili iko mjini, mwendo wa saa moja kwa daladala. Kalenda yake huenda imetundikwa kwenye duka ambalo binti ananunua sabuni. Katika kalenda yote hiyo, kurasa kumi na mbili, hamna mstari mmoja unaosema mwanamke anaweza kumiliki na kuuza ardhi.

Hilo ndilo lalamiko langu, msikilizaji, na ninalisema kwa heshima. Mawakili wetu wanajua sheria ilivyobadilika. Kazi yao inawalazimisha kujua. Sisi ambao sheria inatukuta mashambani na majumbani ndio wa mwisho kuambiwa, na mara nyingi tunaambiwa baada ya kushindwa.

Chukua mabaraza ya kata. Hapa naomba utulie kidogo, maana jambo hili linawagusa wengi mnaonisikiliza. Kwa miaka mingi, mtu akivamiwa mpaka wa shamba alikwenda baraza la kata. Wajumbe walisikiliza, wakaenda kuona mpaka, wakaamua nani mwenye haki, almradi thamani ya ardhi haizidi shilingi milioni tatu. Asiyeridhika alikata rufaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mambo yalikwenda hivyo hadi Oktoba 2021, yalipoanza kutumika marekebisho ya sheria. Tangu hapo baraza la kata halina tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi. Limebakiwa na kazi moja, kusuluhisha. Wajumbe wanawaita mkae chini, mzungumze, mkubaliane. Mkikubaliana, vizuri. Mkishindwa, baraza linakupa hati inayosema usuluhishi umeshindikana, na kwa hati hiyo unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na kama siku thelathini zimepita bila usuluhishi kukamilika, sheria inakuruhusu kwenda wilayani hata bila ya hati.

Ni badiliko kubwa, na halikupigiwa tarumbeta. Matokeo yake unayajua. Mtu anashinda barazani, anapewa karatasi yenye muhuri, anasherehekea, anamtoa jirani yake shambani. Jirani anapata ushauri, anakwenda wilayani, na ile karatasi inatupwa kwa sababu walioiandika hawakuwa na mamlaka. Aliyeshinda anajiona amedhulumiwa. Anadhani jirani amehonga. Ugomvi uliokuwa wa mpaka unakuwa wa watoto na wajukuu. Kuna na wa upande wa pili, wanaoruka baraza la kata na kukimbilia moja kwa moja wilayani. Hao nao wanarudishwa mlangoni, kwa sababu hawakupitia usuluhishi kwanza.

Ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye herufi kubwa, ukibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata katika wilaya, ungezuia sehemu kubwa ya balaa hilo. Gharama yake ni karatasi, mashine ya kudurufu na nauli ya bodaboda. Ofisi ya mawakili itakayofanya hivyo, mimi nitaitaja hapa hewani kwa jina na bila malipo, na hapo maadili ya uwakili hayatakuwa yameguswa hata kidogo.

Tumetaja Kiswahili. Kanda hii ina sehemu yake katika historia ya Kiswahili mahakamani, na sijui kwa nini hatujisifu nayo. Jaji Zephrine Galeba, alipokuwa Mahakama Kuu Musoma, aliandika kwa Kiswahili hukumu ya shauri lililouhusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. Tarehe 1 Februari 2021, kwenye Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu hadharani kwa hilo na kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo Bunge likabadili sheria: Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikabaki kwa pale ambapo haki inakihitaji.

Najua hoja za mawakili, nimezisikia mara nyingi. Wamefundishwa sheria kwa Kiingereza, kama walivyofundishwa walimu wao tangu kitivo cha sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Hukumu za miaka yote zimeandikwa kwa Kiingereza na vitabu vya marejeo ni vya Kiingereza. Yote ni kweli. Lakini barua ya madai anayoandikiwa mvuvi wa Magu kwa sababu ya deni la nyavu, kuna marejeo gani humo? Mkataba wa ada kati ya wakili na mjane wa Tarime, Kiingereza kinatafuta nini pale? Mjane anatia sahihi, au anaweka dole gumba, kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, mbele ya mtu aliyemlipa ili amlinde na karatasi za namna hiyo. Wapo mawakili waliokwishaacha mtindo huo, wanaandika hati za wateja kwa Kiswahili safi. Wateja wao wanajua kesi yao inadai nini. Hayo ni mafanikio, na yanastahili kuandikwa kwenye kalenda.

Na kuhusu kushinda kesi. Tunapenda wakili anayeshinda, na si vibaya. Ila zipo kesi ambazo mtu amerudi nyumbani mikono mitupu, na nchi nzima ikafaidika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisikiliza rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya aliyekuwa mumewe, Ally Sefu. Swali lilikuwa kama kazi za nyumbani, kupika, kufua, kulea, kumtunza mume, zinahesabika kuwa mchango wa mke katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Mahakama ikajibu kwamba zinahesabika. Bi Hawa mwenyewe, kwa mazingira ya kesi yake, hakupata mgawo wa nyumba alioudai. Lakini tangu siku hiyo mke aliyekaa nyumbani akimtunza mumewe na kulea watoto hawezi kuambiwa kortini kwamba hakuchuma kitu. Anayepima ofisi kwa idadi ya ushindi angeiweka kesi ya Bi Hawa kwenye safu ya walioshindwa.

Sasa nizungumzie kazi ambayo haipigwi picha. Mtu akishitakiwa kwa mauaji, adhabu iliyo mbele yake ni kunyongwa, na sheria haimwachi asimame peke yake. Kama hana uwezo, mahakama inampangia wakili. Wakili huyo anatoka katika ofisi hizi hizi tunazozizungumzia. Malipo yake ni madogo, na hayaji haraka. Jalada analikuta likiwa nene, tukio ni la miaka kadhaa nyuma, mashahidi wametawanyika, na mteja yuko gereza la mbali. Wakili mwenye roho nyepesi anakutana na mteja wake asubuhi ya kesi, kwenye ngazi za mahakama, dakika tano. Mwingine anapanda basi wiki mbili kabla, anaingia gerezani, anakaa na yule mtu, anamuuliza usiku ule ulikuwa wapi, nani alikuona, taa ilikuwepo au haikuwepo. Wote wawili watalipwa sawa. Tofauti yao inajulikana kwa mshitakiwa, kwa askari magereza na kwa jaji. Mimi ningependa ijulikane na sisi pia, kwa sababu kama kuna mahali ambapo ofisi ya mawakili inaitumikia jamii kweli kweli, ni hapo.

Upo pia msaada wa kisheria wa kawaida, wa ardhi, mirathi, ndoa na matunzo ya watoto. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayotambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na msaada huo ni bure. Msaidizi wa kisheria anakuelekeza na kukuandalia njia, ila hasimami mahakamani kwa niaba yako. Tangu 2023 tumeona pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ikizunguka mkoa hadi mkoa. Mahema yanasimikwa kwenye viwanja vya kata, wanasheria wanakaa, watu wanapanga foleni na bahasha zao za kaki tangu alfajiri. Nimeiona foleni hiyo, na kwa kweli inasikitisha na kutia moyo kwa pamoja. Inatia moyo kwa sababu watu wanasikilizwa. Inasikitisha ukitazama bahasha zilivyochakaa, ndipo unapojua mtu amezunguka nayo miaka mingapi.

Lakini hema hufunguliwa na hema hukunjwa. Wanasheria wanapanda magari, wanakwenda mkoa unaofuata. Yule mama aliyeelekezwa Jumatano aende kufungua mirathi, Jumatatu ijayo anapofika Mahakama ya Mwanzo akaambiwa muhtasari wa kikao cha ukoo umekosewa, atamuuliza nani? Hapa ndipo ofisi ya mkoani inaposhinda ofisi zote kubwa za Dar es Salaam. Yenyewe haiondoki. Ikitenga asubuhi moja kila wiki kwa watu wasio na pesa, na ikasema siku hiyo ni ipi, na ikaiheshimu siku hiyo hata kama kuna mteja tajiri mlangoni, itakuwa imetoa kitu kinachozidi mashuka mia.

Neno fupi kuhusu mawakili vishoka. Wapo, wanavaa suti, wanakaa karibu na geti la mahakama na wana maneno matamu. Usimpe mtu pesa kwa sababu anaitwa wakili. Wakili wa kweli ana leseni, na leseni hiyo inahuishwa kila mwaka. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili kwenye mtandao, unaandika jina unaona kama yumo na kama anaruhusiwa kufanya kazi. Kama huna simu ya intaneti, mwombe kijana akutazamie. Kisha dai mkataba wa ada ulioandikwa na risiti. Wakili mwaminifu hatakasirika ukimwomba vitu hivyo, na akikasirika umekwishapata jibu lako.

Ndugu zangu mawakili, Wiki ya Sheria haiko mbali. Mtaandamana, mtapanda miti, mtatembelea wagonjwa, na sisi tutakuja na vinasa sauti vyetu. Ninawaomba mwaka huu mje na kitu kimoja zaidi: ukurasa mmoja wa Kiswahili, wa sheria zilizobadilika ambazo mkulima na mvuvi hawajaambiwa. Sheria zetu zimetolewa upya katika toleo la urekebu la 2023, na katika baadhi ya sheria hata namba za vifungu si zile tulizozizoea. Mnayo ya kutosha ya kutuambia. Leteni ukurasa huo kwenye kata, na leteni nakala yake hapa studio, tutausoma wote, neno kwa neno.

Na wewe msikilizaji mwenye mgogoro wa shamba, ukienda baraza la kata wiki hii usiombe hukumu, maana hawana mamlaka ya kuitoa. Omba usuluhishi. Ukishindikana, omba hati yako yenye saini na muhuri. Wasipokupa, andika tarehe uliyofungua lalamiko lako, hesabu siku thelathini, kisha nenda wilayani.